Kobe na Njia ya Baba

Nyumba ya Tanuri,
Juu ya Mteremko.
Jumatano, tarehe 11 Juni.

Mpendwa wifi yangu,

Habari za huko uliko? Habari za nyumba, habari za kazi, habari za ule mguu uliokuwa ukikusumbua ukipanda ngazi? Natumaini umepona. Na kama haujapona, natumaini umeacha kumwambia kila mtu "sijambo, sijambo" huku unachechemea, maana huo ndio ugonjwa wa ukoo wenu. Mumeo je, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Wape pole majirani.

Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Tanuri linawaka, mikate inaiva, mingine inaungua, maisha yanasonga. Binti yetu mkubwa, yule uliyempachika jina la Spika, sasa ndiye anayeuza dirishani, na watu wa mwisho wa barabara wanajua mkate umetoka hata kabla ya kusikia harufu yake. Anasema umwandikie yeye barua yake peke yake, asisomewe salamu tu kama mtoto.

Najua unaruka mistari unatafuta habari za kaka yako. Tulia, nakuja.

Kwenye simu huwa anakuambia yuko imara kama chuma. Wifi, huo ni uongo mtupu, tena anausema akiwa ameegemea ukuta. Mvua zilipokuwa zinakatika aliteleza na tita la kuni mgongoni. Aliinuka, akajikung'uta, akacheka, akaniambia ardhi ilitaka kumsalimia. Kesho yake hakuweza kuinama kufunga viatu. Tukaenda hospitali, wakampiga picha, na daktari akatuonyesha mifupa ya mgongo wake kwenye mwanga. Akasema pingili za chini zimechoka, na mtu huyu akiendelea kupandisha kuni kwa mgongo, siku moja atainama na hatainuka tena. Hakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Basi fikiria. Nyumba na tanuri viko juu barabarani, miti aliyoipanda marehemu Baba yenu iko chini kabisa bondeni, na lori haliwezi kushuka huko hata likiombewa dua. Kuni zisipopanda, hakuna mkate. Na wa kuzipandisha siku zote ni mtu ambaye barabara nzima inamwita Mgongo.

Aliapa mbele ya daktari kwamba ameacha. Niliamini kama mjinga. Akawa anashuka kila asubuhi, anasema anakwenda kukagua miti. Miti inakaguliwa nini kila siku, imekuwa wanafunzi? Lakini nikamwacha ashuke.

Kilichomfichua ni kikohozi. Unaikumbuka Kona ya Kikohozi, ile ya mwisho kabla ya kufika uani? Mwenyewe ulinisimulia nilipokuwa bibi harusi mgeni: Baba akifika pale na mzigo alikuwa anakohoa mara moja, kohoo! ili Mama ajue anakuja na aweke chai. Kaka yako amekirithi kilekile. Kifua chake hakina neno, daktari amekisikiliza. Ni miguu tu ikikanyaga pale na mgongo una mzigo, koo linaitika lenyewe. Mikono mitupu hakohoi. Sasa siku moja nakanda unga, nasikia kohoo! Nikasema alaa, mkaguzi wa miti anakohoa nini? Kutoka nje, nimemkuta anaficha tita nyuma ya banda, jasho linamtiririka, na ananiuliza eti kama nimeamka salama.

Nilimgombeza, siwezi kukuficha. Niligomba mpaka mikate ikaungua.

Ndipo akaja Kobe. Usidhani tumeanza kufuga. Jirani yetu mchoma matofali ana kimashine cha kubebea udongo, chembamba, kinapita mlango wa uani bila kugusa. Mbele kina sanduku la chuma la kupakilia, nyuma kina mikono miwili ya kushikia kama ya toroli, na injini yake unaiwasha kwa kuvuta kamba. Ila hakina matairi. Kinatambaa kwa mikanda miwili mipana ya mpira, kama katapila la kutengenezea barabara, ila hiki ni kitoto cha katapila. Wewe unatembea nyuma unakiongoza, nacho kinakwenda polepole, gogogo, wala hakijui matope ni nini. Spika alipokiona tu akakiita Kobe, jina likashika. Mchoma matofali siku hizi amepunguza kazi, akasema tukichukue kikasaidie mgongo wa mwenzetu.

Mimi nilishangilia. Kaka yako alinuna. Alimzunguka Kobe, akamgusa ubavuni kwa ncha ya kiatu, akasema, "Kama huyu ndiye atakayebeba, mimi nibaki wa nini? Nikande unga?"

Nikamwambia unga nao una heshima yake, mbona mimi nakanda na sijafa. Hakucheka.

Wifi, na wewe usimcheke. Niliona baadaye alichokuwa anasema. Mtu tangu ujana anajulikana kwa kitu kimoja, watoto wa jirani wanamwomba awabebe wawili wawili, wazee wanampisha njiani kwa heshima ya mzigo wake. Halafu siku moja unamwambia akae, kuna chuma kitakachofanya. Ukimnyang'anya mzigo umemnyang'anya na jina. Usiku ule nilimkandia mgongo kwa maji ya moto na sikumsema neno.

Baada ya siku chache ubishi ukalainika. Akaenda kwa mchoma matofali kufundishwa, pale kwenye uwanja wa kuanikia matofali: huku gia, huku breki, ukitaka kupinda kushoto bana hapa. Akarudi anatabasamu kama aliyepata leseni ya ndege. Wahenga walishasema mbio za sakafuni huishia ukingoni, lakini siku hiyo nani aliwakumbuka wahenga? Asubuhi nikamkuta anamwosha Kobe kwa sabuni. Nikamwambia sasa nimejua, nimeletewa mke mwenza. Hapo ndipo alipocheka, na mimi nikafurahi kuliko nilivyoonyesha.

Siku ya kwanza ya kazi tulishuka naye sote. Na hapo tulifanya kosa, tena kosa la familia nzima, maana hakuna hata mmoja aliyeliona. Tulimpitisha Kobe kwenye njia ya Baba.

Tungempitisha wapi kwingine? Njia ni ile. Baba aliichimba kwa jembe, inapinda huku, inapinda kule, ili mtu mwenye mzigo apande bila kukatika pumzi. Sote tumeipanda maisha yetu yote. Tena kuni tulizipanga kama tunavyopanga tita, zimesimama juu mpaka kifuani kwa mtu, kamba moja katikati. Kobe akapanda, gogogo, Mgongo nyuma yake anapiga mluzi. Mimi nimebaki chini naokota vijiti.

Njia ya kupinda, wifi, inakata mteremko ubavuni. Mtu mwenye miguu anakunja goti moja na kunyoosha jingine, anakwenda. Kobe hana magoti. Alipofika Kona ya Jiwe, pale Baba alipokuwa anakaa kupumzika na wewe ukimletea maji, akageuka, mkanda wa chini ukazama, kuni zikaegemea upande mmoja, na Kobe akalala. Kaka yako akang'ang'ania mikono eti amzuie. Amzuie chuma! Kilimvuta kikamtupa kwenye majani. Magogo yakaja chini yakiruka, moja likanipita hapa, wifi, hapa begani, nikasikia upepo wake. Nikatazama juu nikamwona Kobe mwenyewe anaserereka kuja kwangu. Nilijua nimekwisha. Sikukimbia hata hatua.

Jiwe la Baba ndilo lililomzuia. Aligonga pale, akatulia, mikanda bado inazunguka hewani.

Hatukuumia, ila kaka yako alichubuka mkono wote. Mchoma matofali akamleta fundi wake wa injini. Fundi alimkagua Kobe akamkuta mzima, kisha akaitazama njia akashika kiuno. Akatuambia njia ile ni nzuri, lakini ni njia ya miguu. Kobe anataka kupanda wima na kushuka wima, uso wake umeelekea mlima au bonde, si kukatisha ubavuni. Magogo mazito yalale chini ya sanduku, mzigo uwe mfupi, ufungwe, na mtu asisimame chini yake kamwe. Hakutucheka, Mungu ambariki.

Wima basi. Lakini wima wapi? Unaujua mteremko wetu. Kushoto kuna korongo, kulia kuna mwamba. Mahali pekee ni katikati, na katikati ndipo lilipo Jiwe. Ili Kobe apite, njia ya Baba ikatwe kila inapopinda na Jiwe ling'olewe.

Kaka yako akasema haiwezekani. Akasema, "Jiwe limekuokoa juzi, leo niling'oe? Baba alichimba hii njia kwa mikono yake, mimi niipasue kwa sababu ya kobe wa mpira?" Akamfunika Kobe kwa turubai. Nikajaribu kumbembeleza, nikajaribu kununa, vyote viligonga mwamba.

Na jana asubuhi, wifi, nimeshika ubao wa mikate, nasikia kohoo! Nikangoja aingie. Hakuingia. Nikasikia tena, safari hii hakikuwa kikohozi cha chai. Nikakimbia. Nimemkuta pale konani amesimama, ameinama, ameshika shina la mti, tita liko mgongoni, hawezi kwenda mbele wala kurudi wala kulitua. Macho yamemtoka. Nilimvua lile tita taratibu kama unavyomvua mtoto mgonjwa shati. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza, maneno nilikuwa nayo tele, lakini nilipouona uso wake nililia tu.

Unajua aliniambia nini? Aliniambia, "Usimwambie Dada." Nikamuuliza nisikuambie nini, mgongo? Akasema, "Njia. Nikiikata, Dada akija atasema nimemng'oa Baba."

Kumbe ni wewe anayekuogopa. Mtu mzima, ana mvi kidevuni, na bado anaona dada yake mkubwa atakuja kumshika sikio.

Ndiyo sababu ya barua hii. Sikulaumu hata kidogo, wewe hujui lolote na hujasema lolote. Nakuomba neno moja tu. Kama moyo wako unaruhusu njia ikatwe, mwandikie. Kama hauruhusu, niandikie mimi, nitakuelewa, ile ni njia ya baba yako na maji ya utoto wako yamemwagika pale. Lakini ujue kaka yako atapanda nayo mpaka siku atakayoinama asiinuke, na mimi sina mume mwingine wa akiba.

Naweka kalamu. Kuni zimekwisha na yeye amelala kifudifudi kitandani hawezi kugeuka. Nashuka mwenyewe.

Jumamosi.

Nilidhani barua imeondoka siku ileile. Spika aliisahau juu ya kabati la unga, na leo namshukuru kwa usahaulifu wake, ingawa nimemsema.

Jumatano ile nilishuka, nikakata, nikafunga tita langu la kike, si kubwa. Wahenga wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Miaka yote namwona mtu anapanda na kuni, namwekea chai, naona ni kazi tu kama kazi nyingine. Siku ile nilifika Kona ya Jiwe nikakaa bila kuambiwa. Nikainuka, nikapanda, kamba imenikata mabega, naona vidole vyangu vya miguu tu. Nilipofika kona ya mwisho, wifi, naapa sikukusudia, koo lenyewe liliitika. Kohoo!

Kaka yako alisikia akiwa kitandani. Alijiburura mpaka mlangoni, sijui aliinukaje, akashika mwimo wa mlango. Nadhani kwa nukta moja alidhani ni mtu mwingine. Kisha akaniona ni mimi, nimekunjika chini ya kuni, kanga imenikwama shingoni. Alinitazama mpaka nilipolitua. Akarudi ndani akageukia ukuta.

Juzi alilala kutwa. Jana asubuhi, mgongo ulipolegea kidogo, akamwita mchoma matofali. Nikaona wanashuka na mapanga, sururu na mtaimbo. Kaka yako nilimkataza kushika sururu, akatii, akawa anaonyesha kwa fimbo tu: hapa, hapa, nyoosha. Jirani anafyeka na kuchimba pamoja na wanawe. Mimi nikarudi kwenye unga wangu. Sikutaka kuona wanavyoikata.

Leo mchana nimesikia injini. Nikangoja kikohozi, halafu nikakumbuka njia mpya haipiti pale tena. Nilitaka sana ile njia ikatwe, na ilipokatwa nikahisi kama nyumba imekuwa bubu.

Nikatoka. Kobe alikuwa anapanda wima katikati ya mteremko, uso umeelekea juu, kaka yako nyuma yake anatembea mikono mitupu, mgongo umenyooka, anamwongoza polepole. Chini hapakuwa na mtu, kama fundi alivyosema. Nikatazama sandukuni nione kuni. Hapakuwa na hata kijiti. Ndani kulikuwa na Jiwe, limefungwa kamba kwa pande zote, limelala juu ya magunia kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

Safari ya kwanza ya Kobe kwenye njia mpya, kaka yako hakupandisha kuni. Alipandisha Jiwe.

Wakalishusha kwa mtaimbo, wakalisogeza mpaka kando ya mlango wa jikoni, upande wa kivuli. Lile bapa la kukalia likatazama juu, kama lilivyokuwa. Mchoma matofali akaenda zake kunawa. Kaka yako akazima injini, akapitisha kiganja juu ya Jiwe kulifuta udongo, akasema na mimi bila kunitazama, "Baba hakuwahi kupumzika huku juu. Kila siku alikuwa anaishia katikati."

Akakaa. Akaegemea ukuta. Mgongoni hana kitu, begani hana kitu. Na wifi yangu, akakohoa.

Nikaingia nikaweka chai.

Sasa nimebadilisha ombi langu. Sikuombi ruhusa tena, imeshapita. Ila tangu akae pale ananiuliza kila mara kama simu imelia, na Spika akitaja jina lako anageuka kutazama barabara. Ninajua anachongoja. Usimpigie, kwenye simu atakuambia hajambo. Mwandikie kwa mkono wako. Mwambie tu Baba amefika juu. Neno hilo litamponya kuliko dawa zote za daktari, na ukija utamkuta amekaa pale, nawe utamletea maji ukitaka, safari hii ni hatua chache kutoka mtungini.

Nisalimie mumeo, nisalimie wanao wote, na yule mkwe wako mpya mwambie tunamsubiri aje kuonja mkate usioungua. Spika anakusalimu kwa sauti, nadhani umeshasikia. Mchoma matofali anakusalimu pia. Kobe angekusalimu, lakini amefunikwa turubai, amepumzika.

Mungu akulinde kila unapopanda na kila unaposhuka, akuwekee mahali pa kukaa kila unapochoka, na atukutanishe tukiwa na migongo mizima.

Ni mimi nikupendaye na nisiyeacha kukuchokoza,
Wifi yako wa kwenye tanuri.